Mzee wako sio jeuri, ni vile unataka aombe

Kuna maneno yanazunguka sana siku hizi watu wakiongelea wazazi wao, utasikia "baba yangu maskini jeuri yule, anaumwa, hela hana, ukimwambia asaidiwe anakuwa mkali", na wanaosikiliza wote wanatikisa kichwa maana kila mmoja ana wa kwake nyumbani. Mwenye presha anayekata kidonge nusu ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Mwenye sukari ambaye kidonda cha mguuni kawaficha watu kwa kuvaa soksi mpaka harufu ndo ikamsema. Bibi ambaye mtoto wa jicho keshamziba jicho moja na anakwambia naona vizuri tu mwanangu, ni hii nyumba ina giza. Halafu tunamalizia na ile methali ya mficha maradhi, tunamwachia mzee kosa lake, tunaendelea na mambo yetu.

Mi naona tunawasoma vibaya. Ukiwaangalia kwa makini hawa hawa tunaowaita jeuri wanapokea vitu kila siku. Mgeni akija na sukari na majani ya chai anapokea na anashukuru. Zamu ya mchezo ikimfikia anachukua hela yake anahesabu. Akifiwa anapokea rambirambi na daftari linaandikwa nani katoa ngapi na hakuna anayeona aibu. Mkono unaoleta hawana shida nao kabisa. Kinachowashinda ni kufungua mdomo waombe, na sisi, kuanzia watoto mpaka serikali, karibu kila msaada tulionao kwa ajili yao tumeuweka mahali ambapo lazima mtu aende mwenyewe, ajieleze, na aoneshe kwamba kashindwa maisha. Hapo ndo penye shida, na ukishapaona hapo mambo mengi ya wazee yanaanza kueleweka.

Na tusifanye kama huu ni ukorofi wa uzee tu, ina historia yake. Chukua mzee wa Tanzania Bara aliyezaliwa 1950. Azimio la Arusha linatangazwa Februari 1967 yeye ana miaka kama 17, mwezi uliofuata inakuja Elimu ya Kujitegemea, shule ina shamba, kila siku anaambiwa mtu ni kazi, anayekula bila kufanya kazi ni mnyonyaji, ni kupe. Na Azimio lenyewe lilitaja kabisa ni akina nani wanaruhusiwa kuishi kwa jasho la wenzao, wakawekwa watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao serikali imeshindwa kuwapa nafasi ya kufanya kazi. Sasa kijana wa miaka 17 alikuwa anausoma huo mstari kama unaongelea watu wengine. Leo anatakiwa ajitaje yeye.

Ikaja 1983, Nguvu Kazi. Waliokuwepo Dar wanakumbuka, watu wanakamatwa mitaani, huna kitambulisho cha kazi unapakiwa kwenye lori unapelekwa kijijini kulima. Huyu mzee wetu wakati huo ana miaka 33, pengine alikimbia pengine alikuwa na kitambulisho chake mfukoni na akajivunia, vyovyote vile alielewa somo, kwamba mtu asiye na kazi anatiliwa mashaka. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia leo aende ofisi ya mtaa akajieleze kwamba hawezi tena kujitunza, unamwambia akajikamatishe mwenyewe.

Halafu kuna ile ya hospitali. Miaka aliyokuwa na nguvu zake, hospitali za serikali zilikuwa bure. Uchangiaji ukaanza 1993, yeye anaingia kwenye arobaini na, mgongo unaanza kusema, presha inaanza kunyemelea. Yaani alipokuwa hana haja nayo sana ilikuwa bure, alivyoanza kuihitaji ikawa ya kulipia. Msamaha upo, hilo nikubali, sera za serikali zinasema kuanzia miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bila malipo, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imo humo, Sera ya Afya ya 2007 imo humo, na hospitali nyingi sasa zina dirisha la wazee na karatasi ukutani inayosema mzee apishwe. Siwezi kubeza hilo dirisha, limeokoa watu.

Ila fuata njia yenyewe kwa miguu ya mtu mwenye goti bovu. Unaanza kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji upate barua na muhuri, unakutana na vijana wamekaa kwenye benchi wanasubiri mambo yao, wote wanasikia ulichokuja kufuata. Kama hujaandikishwa bado na umeshalazwa, unaletewa afisa ustawi wa jamii na yeye ana kazi yake ya kuuliza, unaishi na nani, nyumba ni ya nani, ina bati au nyasi, una watoto wangapi, wako wapi, wanafanya kazi gani.

Hapo kwenye watoto ndo mzee anasimama. Maana akisema ninao sita na wanne wako Dar wana kazi, msamaha unakuwa mgumu, ataambiwa awapigie. Akisema hawanisaidii, kawatangaza. Kasema mbele ya mtu baki kwamba watoto wake hawafai, na ukiwa mzee wa Kiafrika jina la watoto wako ndo kitu cha mwisho kilichobaki mkononi, shamba umeshagawa, nguvu hazipo, kilichobaki ni kwamba ulizaa na ukasomesha. Nimewasikia wazee wakidanganya hapo, wanasema "ananitumia kila mwezi yule wa kwanza, mwezi huu tu kabanwa" na hakuna kitu kinachotumwa tangu mwaka juzi. Tunasema kajinyima msamaha kwa jeuri. Mi nasema kamlinda mtoto wake, na mtoto mwenyewe hata habari hana.

Kwa wale wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, ndo wazi zaidi, majina yanapitishwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, watu wanajadili nani ni kaya maskini kweli na nani sio. Wataalamu wana sababu zao, uwazi unapunguza upendeleo, majirani ndo wanajuana. Sawa. Lakini mtu aliyekuwa mwalimu wa nusu ya waliokaa pale kwenye mkutano, jina lake linasomwa, mtu wa nyuma anasema huyo ana nyumba ya matofali huyo, wengine wanacheka kidogo. Mwaka unaofuata haji.

Tuje kwenye duka la dawa, maana huko ndo utaona haya mambo yanavyotokea bila karatasi za serikali. Duka moja huku kwetu, jioni, foleni ya watu kama watano, mbele kuna mzee amevaa koti la suti lililochakaa kwenye viwiko lakini limepigwa pasi. Anatoa karatasi mbili za vidonge zilizoisha, moja ya presha moja ya sukari, anaziweka juu ya kioo. Anauliza za mwezi bei gani zote mbili. Binti anamtajia. Anakaa kimya, anazigeuza geuza zile karatasi kama anasoma, anauliza na za wiki je. Anatajiwa. Anatoa noti ya elfu mbili anasema nipe hizi za presha za wiki, hizo za sukari nitamtuma mjukuu baadae, hela nimeiacha kwenye koti lingine. Binti wala hakubisha, akasema sawa babu nakuwekea pembeni, na kweli akachukua vya sukari akavifunga kwenye bahasha akaandika jina akaweka juu ya kabati.

Sasa kijana mmoja wa nyuma, na nia yake ilikuwa njema kabisa, akapaza sauti, mzee chukua zote bana nalipa mimi. Mzee akageuka, akamshukuru vizuri, akamwombea na dua, akachukua vya presha vya wiki akaondoka. Kijana akabaki kanuna, akasema ndo maana wanakufa hawa.

Nilimwangalia yule binti nikasema huyu ndo kasomea ustawi wa jamii bila kujua. Alielewa hakuna koti lingine. Lakini kamuachia mzee njia ya kurudi, kesho akija anakuja kuchukua bahasha yake yenye jina lake, na kama atalipa nusu watajua wenyewe. Yule kijana alikuwa tayari kutoa hela nyingi zaidi kuliko bahasha, ila alitaka mzee apokee mbele ya watu watano akiwa kama ombaomba wa kwenye taa za barabarani. Hela ile ile, dawa ile ile, na moja inabebeka nyingine haibebeki.

Wazee wenyewe wana mbinu zao za kukwepa kuomba na zingine zina akili sana. Rafiki yangu mmoja wa Njombe alikuwa anashangaa baba yake kila baada ya miezi miwili anapiga simu anataka hela ya mbolea, mara ya dawa ya mahindi, mara ng'ombe anaumwa. Akienda nyumbani shamba limelala, ng'ombe mmoja. Akajua mzee ameanza pombe. Kuja kufuatilia, ile hela ilikuwa inaenda kwenye vipimo na nauli ya kliniki ya tezi dume, mzee ana mpira wa mkojo chini ya kanzu na hajamwambia mtu hata mkewe hajui vizuri. Kwa hesabu zake, mbolea ni biashara kati ya wanaume wawili, mtoto anaweka mtaji kwenye shamba ambalo siku moja litakuwa lake. Mkojo wake ni aibu yake. Nikamwambia rafiki yangu usimwambie kwamba umejua, tuma tu hela ya mbolea na uongeze, na ndivyo alivyofanya, mpaka mzee mwenyewe siku moja akaanza kusema "na kuna hii kliniki pia".

Mbinu nyingine ni mbaya na ndo inaniumiza, mkopo. Wastaafu wengi mnaowaona wanapokea pensheni kila mwezi, hiyo pensheni hawaioni, kadi ya benki iko kwa mtu. Ile mikopo ya mtaani tunayoita kausha damu, unaacha kadi na namba ya siri, mwisho wa mwezi mwenye mkopo anaenda kutoa mwenyewe anakupa kinachobaki, na riba yake unaijua. Watoto wakigundua wanachachamaa, baba kwa nini hukutuambia, tungekusaidia. Lakini fikiria kutoka kwake. Mkopeshaji hakumuuliza kwa nini anaumwa, hakumuuliza hela ya mwanzo ilienda wapi, hakumwambia "mzee na wewe uwe unapangilia". Walikaa kama watu wawili wenye shughuli, wakaandikishana, wakapeana mkono. Mzee kalipa riba kubwa sana ili tu asionekane anaomba, na wengine wanalipa mpaka wanakufa. Ukitaka kujua bei ya heshima huku kwetu usiulize wanafalsafa, kaulize mwenye kausha damu.

Kikokotoo, ile hesabu ya mstaafu apewe kiasi gani cha mafao yake kwa mkupuo, nacho kimechangia, sitakaa sana hapo maana kila mtu ana uchungu wake, ila tangu ile kanuni ya 2018 ya mkupuo wa asilimia 25, ikasimamishwa, ikaja asilimia 33 mwaka 2022, halafu 2024 wakapandisha tena 40 kwa wengine na 35 kwa wengine, waliostaafu hapo katikati walikuwa na hesabu zao kichwani za nyumba na matibabu na zikavurugika. Mtu aliyeahidi nyumba itakwisha akistaafu na haikwisha, hilo nalo ni la kuficha.

Kama unafikiri nasema wazee hawa ni waoga au wapole tu, kumbuka wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika 1977, mali zikagawanywa kwa makubaliano ya 1984, na wale wafanyakazi wa reli na bandari na posta na ndege wakabaki wanadai mafao yao miaka na miaka. Mliokuwa Dar miaka ya 2000 mliwaona, wazee wenye fimbo, wengine wanaumwa kabisa, wanakusanyika, wanafunga barabara, polisi wanaitwa, kesho wanarudi. Mtu ambaye hawezi kumwambia jirani nikopeshe elfu tano ya panadol analala chini kwenye lami mbele ya gari la polisi. Kwa nini? Kwa sababu kile kilikuwa chake. Aibu haikuwa yake siku ile, ilikuwa ya wanaodaiwa. Kwa hiyo mtu yule yule, umaskini ule ule, maradhi yale yale, ukimwambia omba ananyamaza, ukimwambia dai anapiga kelele mpaka mji unasimama.

Lakini ngoja, sitaki nimalize bila kusema upande wa pili maana naona tunawatukuza sana hawa wazee wa kiume. Heshima ya mzee mara nyingi kuna mtu anailipia, na huyo ni mama. Baba haombi, mtaa mzima unajua baba fulani haombi, ila mkewe ndo anapitia nyuma ya nyumba jioni na bakuli chini ya khanga kwenda kwa jirani kuchukua unga. Yeye ndo anaingia vikoba, yeye ndo anadaiwa dukani, yeye ndo anatuma meseji kwa watoto usiku anasema usimwambie baba yako. Magoti yake yanauma kuliko ya mzee na hakuna anayeuliza. Zikipatikana hela za dawa inaanza ya baba. Kwa hiyo mtu akiniambia baba yake anajivunia kutokuomba mi huwa nauliza kwanza, na mama je, anasemaje?

Na kwa mwanamke mzee kuomba kuna hatari nyingine kabisa ambayo watu wa mjini hawaifikirii. Kule Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Geita, Mwanza, na Tabora pia, tunajua yaliyowapata vikongwe, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa. Bibi mgonjwa anayeishi peke yake na anayepita nyumba kwa nyumba akiomba chumvi, siku mtoto wa nyumba moja akiugua, jina lake ndo la kwanza kutajwa. Akijifungia ndani na njaa yake msimwite jeuri. Anajua anachokikwepa.

Sasa tufanyeje, maana nimelalamika vya kutosha. Kwa upande wa serikali jibu wala haliko mbali, liko kwa kuvuka maji tu. Zanzibar Aprili 2016 walianza pensheni jamii, ukifika miaka 70 unapata, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wakati ule, baadae ikapandishwa mpaka 50,000. Haulizwi una nyumba, haulizwi watoto wako wapi. Unathibitisha umri na ukaazi wako, basi. Watu wengi waliiangalia ile elfu ishirini wakacheka, inanunua nini. Mi nadhani walikuwa wanaangalia hela wakati kitu kikubwa kilikuwa ni ile foleni. Siku ya malipo mzee anatoka nyumbani kwake amevaa vizuri anaenda kuchukua pencheni, anakutana na wenzie, wa mjini na shamba, aliyekuwa karani na aliyekuwa mchukuzi, wote wamekuja kwa sababu moja tu, wamezeeka. Hakuna aliyeshindwa maisha pale.

Kenya wao ni mfano mzuri zaidi kwa sababu walijaribu njia zote mbili. Walianza mwaka 2007 na hela ya wazee maskini, kuanzia miaka 65, kwa kuchagua kaya, na maneno yakawa yale yale ya fulani kaachwa fulani kapendelewa. Kufika 2018 wakabadilisha, kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni nyingine, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, Inua Jamii. Hela inachelewa, hilo wazee wa Kenya watakwambia, inakuja kwa mafungu, mtu anakaa miezi hana kitu. Lakini kuchelewa ni tatizo la hazina, linarekebishika, na mzee anaweza kulalamika redioni kwa jina lake kwamba hela yangu imechelewa. Umeona hilo neno yangu linavyokaa. Uganda nao wana ya kwao, shilingi 25,000 za Uganda, ila umri walioweka kwa nchi nzima ni miaka 80, na hapo nadhani wenyewe wanajua ni wangapi wanafika.

Halafu hao hao Kenya mwaka 2024 wakaleta SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, na kwa watu wasio na mshahara mfumo unauliza paa lako ni la nini, choo ni cha aina gani, unapikia kuni au gesi, kisha unapiga hesabu ulipe kiasi gani kwa mwaka. Angalau inauliza simu na sio baraza la chifu. Lakini ni kurudi kule kule, mzee mwenye paa zuri alilojenga 1985 anaonekana tajiri. Kwetu hapa tuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023, asiye na uwezo atalipiwa, na swali langu kwa wanaoitekeleza ni moja tu, huyo asiye na uwezo mtamjuaje, na atajulikana mbele ya nani.

Kwa sisi watoto mambo ni madogo zaidi na yanawezekana leo. Mzazi anayeumwa usisubiri apige simu. Weka tarehe, kama ni tarehe tatu iwe tarehe tatu kila mwezi, hata kama ni elfu kumi na tano, iingie kwenye laini yake bila yeye kusema neno, ikishaingia mara tatu mfululizo itakuwa yake na atapanga nayo. Hiyo kidogo ya uhakika ina maana kuliko laki mbili za siku akishalazwa. Kama dawa ni za kila mwezi, ongea na duka la dawa la karibu naye, lipia wewe, yeye aende tu kuchukua. Usimtumie screenshot ya muamala kwenye grupu la familia, jamani hii tabia tuache, mtu anamtumia mamaake elfu thelathini halafu anaweka ushahidi kwenye grupu lenye watu 40, shemeji wamo, wakwe wamo. Na akikupa mahindi au kuku wakati unaondoka chukua. Najua unaona anajinyima, unataka kusema baki nayo mama, usiseme. Chukua, kwa maana hiyo kuku ndo inayofanya ile ya tarehe tatu ipokeleke.

Angalia hata grupu za msiba zinavyofanya kazi. Mzee akiwa hai hawezi kupata elfu arobaini ya dawa, akifa ndani ya siku mbili zinapatikana milioni tatu, jeneza, basi, mahema, na watu wanasema ni unafiki. Unafiki upo lakini sio wote, sehemu kubwa ni kwamba msiba una utaratibu, kuna mweka hazina, kuna kiwango, kila mtu anajua anatoa lini na hakuna anayeombwa kwa sababu wote wameombwa. Familia chache nimeziona zimegeuza grupu la msiba likawa la matibabu ya wazee wa ukoo wote, kila mtu mwenye kazi anaweka kitu kila mwezi, wazee wote wa ukoo wanapata, mwenye hali nzuri na mwenye hali mbaya, na mzee mwenye duka naye anapewa chake. Kuna watu walibisha kwenye ukoo mmoja huyo wa duka wa nini. Wakaambiwa akitolewa yeye, wanaobaki watajulikana kuwa ndo maskini wa ukoo.

Na hapo ndo najibu wale wanaosema pensheni ya kila mzee Tanzania Bara haiwezekani kwa sababu matajiri nao watachukua. Sensa ya 2022 inaonesha wenye miaka 60 na zaidi nchi nzima, Zanzibar wakiwemo, ni karibu milioni 3.5. Ukiwapa wote elfu 20 kwa mwezi ni kama bilioni 840 kwa mwaka, sio hela ndogo, lakini bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, piga hesabu mwenyewe, haifiki asilimia mbili. Ukianzia 70 kama Zanzibar inashuka sana. Bungeni hili limezungumzwa miaka mingi na jibu huwa ni uwezo wa serikali ukiruhusu. Sasa matajiri wenye miaka 70 nchi hii ni wangapi mpaka tuwaogope, na wengi wao kwa elfu ishirini hata hawatakuja. Na wakija waache waje. Mi nawataka kabisa kwenye ile foleni, waziri mstaafu, mwenye maduka ya Kariakoo, profesa, wakae kwenye benchi wameshika vitambulisho, kwa sababu siku foleni ikiwa na watu hao, mzee wa koti la viwiko vilivyochakaa ataenda bila kuambiwa mara mbili, na akirudi atapitia duka la dawa.